Mkulima unayetaka udiwani, angalia kwanza kalenda ya shamba lako

Tangu nitoke udiwani simu hazikauki. Vijana wa kata yetu na wa kata za jirani, wakulima wenzangu, wanataka kutia nia na swali lao la kwanza karibu wote ni hilohilo, mzee hii kitu inakula shilingi ngapi? Nawajibu, halafu na mimi nawauliza, wewe shamba lako unapulizia salfa miezi gani? Wanacheka, wanadhani natania. Sitanii hata kidogo.

Mimi ni mkulima wa korosho, huku Kusini, mkoa wa Mtwara. Kata na halmashauri sitazitaja, chama pia niacheni nacho, maana hapa sitafuti ugomvi na mtu. Nilichaguliwa Oktoba 2020 nikakaa mpaka mabaraza yalipovunjwa Juni 2025. Ninachotaka kusema ni hiki, hela ya kampeni unaweza kuitafuta, lakini miezi ambayo siasa inakutaka ndo miezi ileile ambayo mkorosho unakutaka, na mkorosho haupokei udhuru.

Kwa asiyejua korosho nieleze kidogo. Masika yakiisha unapalilia na kupunguza matawi, kwenye mwezi wa sita miti inaanza kuchipua na kutoa maua, na hapo ndo ubwiri unga unapoingia, unga mweupe unatanda kwenye machipukizi, ua linakauka, korosho hakuna. Dawa yake salfa. Ya unga unapulizia alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo haujaanza, jua likishachomoza unafanya kazi ya kuitawanya hewani tu, halafu unarudia baada ya wiki mbili hivi, unarudia tena, ukiruka zamu moja ugonjwa unarudi. Hiyo ni Juni mpaka Agosti. Septemba unaanza kuokota, unaokota mpaka Desemba, na minada inafunguka Oktoba.

Sasa chukua kalenda ya siasa uiweke hapo juu yake. Uchaguzi mkuu wetu ni Oktoba, 2015 ilikuwa tarehe 25, 2020 tarehe 28, 2025 tarehe 29. Mwaka wangu, 2020, uteuzi wa tume ya uchaguzi ulikuwa 25 Agosti na kampeni zikaanza kesho yake mpaka 27 Oktoba. Kabla ya hapo kuna kura za maoni ndani ya chama, Julai na Agosti, na kabla ya kura za maoni kuna kupita pita kwa wajumbe, wale wanachama wanaopiga hizo kura. Yaani ukitaka kumfilisi mkulima wa korosho bila kumgusa mpe fomu ya udiwani. Mwenzetu wa pamba kule Kanda ya Ziwa ana nafuu kidogo, Oktoba anasubiri mvua apande. Wa tumbaku Tabora sijui atajigawaje, hiyo ndo miezi ya vitalu.

Niliingiaje huko? Mwaka 2018 ndo ulionisukuma. Nilikuwa mjumbe wa bodi ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ya kijiji. Msimu wa nyuma yake bei ilikuwa imegusa 4,000 kwa kilo, watu walijenga, watu walinunua pikipiki, watu walioa. Juni 2018 Bunge likabadili sheria, ile asilimia 65 ya ushuru wa kusafirisha korosho ghafi nje iliyokuwa inarudi kuendeleza zao ikaenda Mfuko Mkuu wa Hazina. Oktoba minada inafunguliwa, bei chini ya 3,000, wakulima wakakataa kuuza. Novemba Rais Magufuli akatangaza serikali inanunua zote kwa 3,300 na jeshi ndo litabeba mzigo. Shangwe siku hiyo sitaisahau. Halafu ukaja uhakiki, mwenye kilo nyingi aonyeshe shamba lake ijulikane kama ni mkulima kweli au ni kangomba. Kangomba kwa wasiojua ni yule anayezunguka vijijini kununua korosho kwa bei ya kutupa kwa mtu mwenye njaa au mgonjwa, kinyume na utaratibu, kisha anaingiza ghalani kwa jina lake.

Wengine walilipwa mapema, wengine walisubiri sana, na waliosubiri walikuwa hawaendi wizarani, wanakuja kwangu. Mjumbe wa bodi si ni wewe? Usiku mtu anabisha hodi, mtoto anatakiwa shule, hela yangu iko wapi. Mi sina hela yake, hata jibu sina. Hapo ndo wazee wakaanza kusema, huyu anasumbuka na sisi, anajua kusoma makaratasi, 2020 tumpeleke akatusemee.

Niseme jambo ambalo lilinichukua muda kulielewa. Diwani hana hata nusu kura kwenye bei ya korosho. Bei inatoka mnadani, mnada unasimamiwa na chama kikuu cha ushirika pamoja na Bodi ya Korosho na tume ya ushirika, ushuru wa kusafirisha nje unaamuliwa Dodoma. Wazee walinituma mlango ambao mzigo wao haupo. Na si korosho tu. Watu wakikuchagua wanataka barabara na maji, kwa huku kwetu Makonde maji ndo wimbo wa kila mkutano, tuko juu ya uwanda, maji yako chini mabondeni. Lakini barabara za vijijini zilishahamia TARURA, wakala wa barabara wa serikali, tangu 2017, na maji ya vijijini yako RUWASA, wakala wa maji, iliyokuja na Sheria ya Maji ya 2019. Diwani unaweza kuwaita waje kwenye kikao wakatoa taarifa, unaweza kupiga kelele, ila fungu haliko mezani kwako. Sasa kampeni zangu zote nilihubiri nini? Barabara na maji. Na mpinzani wangu hivyohivyo. Yaani tulikuwa tunagombania funguo za nyumba ya mtu mwingine.

Kwa hiyo kabla ya kuchukua fomu, hudhuria vikao. Mkutano mkuu wa kijiji kila miezi mitatu, uliza taarifa ya mapato na matumizi. Baraza la madiwani la kila robo mwaka mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza, kaa nyuma pale kimya usikilize wanabishania nini. Ukitoka utajua nini kipo mikononi mwa diwani, kwamba kipo kidogo lakini kipo, na ndo hicho ukahubiri.

Turudi kwenye fomu. Sheria yenyewe haina makubwa. Uwe na miaka 21, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, uwe mkazi wa eneo la halmashauri, uwe na chama maana mgombea binafsi hakuna, wadhamini wapiga kura wasiopungua kumi wa kata ileile na dhamana, wakati wangu ilikuwa shilingi 5,000. Elfu tano tu! Watu wanaona hiyo elfu tano wanasema kumbe rahisi.

Ila fomu ijaze kama unaandika hati ya shamba. Kwenye serikali za mitaa 2019 na kwenye uchaguzi wa 2020 wagombea wengi walienguliwa kwa kasoro za fomu, jina limeandikwa tofauti na kadi, saini imekosekana, mdhamini kadhamini wagombea wawili. Mimi nilimwomba mwalimu mstaafu tukae naye mezani, kila kipengele anasoma kwa sauti mi naandika, tukatoa nakala, tukarudisha mapema wala si dakika za mwisho. Wadhamini nilichukua wa akiba juu ya wale kumi, na kila mmoja nilimwona na kadi yake kwa macho, si kwa kuambiwa.

Kwenye kipengele cha kazi nikaandika mkulima. Hapo mwalimu akatabasamu akasema wote mmeandika hivyo. Kweli, wagombea wote wa kata yetu tulikuwa wakulima, akiwemo mmoja ambaye duka lake lilikuwa na friji tatu. Neno hilo lina historia ndefu nchini, Azimio la Arusha la 1967 lilisema kila kiongozi wa TANU na serikali sharti awe mkulima au mfanyakazi, miiko ile ikalegezwa na Azimio la Zanzibar la 1991 lakini watu bado wanapenda kusikia mtu ametoka shambani. Waziri Mkuu Pinda alijulikana nchi nzima kama mtoto wa mkulima. Kwa hiyo usidhani ukulima wako peke yake utakubeba. Kilichonibeba mimi ni ile miaka ya AMCOS, watu walinijua kwenye mzani, kwamba kilo ikisoma 86 naandika 86.

Kura za maoni sasa. Mwaka 2020 nchi nzima ilikuwa inaimba wajumbe si watu wazuri, na mimi nilicheka nao mpaka zamu yangu ilipofika. Mjumbe anakupokea, anakupa kiti, mama anakuletea maji, anakwambia mwanangu wewe ndo chaguo letu, unatoka hapo unakutana na mtia nia mwenzako anaingia na anaenda kuambiwa hivyohivyo. Bahasha nilikataa kutoa. Sijifanyi malaika, chai na mihogo wamekula sana nyumbani kwangu. Ila takrima, ule ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, Mahakama Kuu ilishaifuta tangu 2006, Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inakutaka useme umetumia nini na umekipata wapi, na TAKUKURU, wale wa kuzuia rushwa, msimu ule hawalali. Jamaa mmoja wa kata ya mbali alikatwa jina kwa habari za bahasha wakati alikuwa anaongoza kwa mbali, hela imeenda na jina limeenda.

Sasa hizo ziara zote zilikuwa Julai na Agosti, yaani katikati ya salfa. Nilijigawa hivi, saa kumi alfajiri niko shambani na mashine mgongoni na vibarua wawili, taa kichwani, kitambaa puani, tunapulizia mpaka jua lichomoze, kisha naoga naenda kwa wajumbe. Salfa haitoki kwa sabuni ya kawaida. Inakaa kwenye nywele, kucha, kola ya shati. Bibi mmoja mjumbe aliponikaribisha akanusa akasema, wewe leo umetoka shamba, wenzio wanakuja wananukia marashi. Nikamwambia shikamoo bibi, samahani kwa harufu. Akasema marahaba, kaa, mimi harufu hiyo ndo iliyonisomeshea watoto. Kura yake nina hakika niliipata, lakini kura moja ya harufu ya salfa haifidii mikorosho, maana wiki zilizofuata vikao viliongezeka na alfajiri zikanishinda. Nikaachia vibarua peke yao. Zamu ya tatu ilichelewa, ya nne haikufanyika kabisa.

Nilishinda kura za maoni, jina likarudi limepitishwa na chama, kampeni zikaanza. Na korosho zikaanza kudondoka. Kampeni mwisho saa kumi na mbili jioni, lakini baada ya hapo kuna vikao vya timu mpaka usiku, kesho asubuhi kijiji kingine, na korosho iliyodondoka usipoiokota siku mbili tatu kuna watakaokusaidia kuiokota. Mke wangu ndo alibeba msimu ule. Aliokota na watoto wa ndugu, akaanika, akapanga madaraja, akabeba kwenda AMCOS, na jioni anapokea wageni wa kampeni anawapikia. Siku moja aliniambia, baba watoto, wewe unaomba kura kwa watu, mimi hujaniomba kitu lakini nimeshatoa. Sikuwa na la kumjibu, nikaenda kufunga magunia.

Hesabu, maana mmeuliza. Kura za maoni zilinila kama milioni moja na nusu, kampeni milioni tatu na kitu: mafuta ya pikipiki, spika, posho na chakula cha mawakala (wakala mwenye njaa anaondoka kituoni kabla ya kuhesabu, hilo lishike), picha na vikorokoro. Hiyo ni hela inayoonekana. Isiyoonekana ni kwamba shamba lililozoea kunipa tani tatu lilinipa tani moja na nusu hivi. Kwa bei ya msimu ule iliyokuwa kwenye elfu mbili na kitu kwa kilo, nilichopoteza shambani kinakaribia gharama ya kampeni nzima. Hakuna anayekihesabu hicho. Fomu ya gharama za uchaguzi haina sehemu ya kuandika korosho ambazo hazikuzaa.

Nikaapishwa. Sasa ungedhani uchaguzi ukiisha mtu unarudi shamba. Wapi.

Diwani si mwajiriwa. Unapata posho ya mwezi, wakati wangu shilingi 350,000, mwanzoni inategemea halmashauri ina nini kwenye mfuko, ila kuanzia 2021/22 Hazina ikachukua jukumu la kulipa kwa halmashauri nyingi na hapo angalau ikawa inafika kwa wakati. Kuna na posho ya kikao. Ukisikia hivyo unaona afadhali, lakini nyumba ya diwani ina mlango usiofungwa. Msiba, sanda. Mgonjwa, nauli ya kwenda hospitali ya wilaya. Mtoto kafaulu, begi na daftari. Msimu wa jando na unyago kila nyumba ina kadi na kila kadi ina jina lako juu, tena imeandikwa Mheshimiwa. Laki tatu na nusu haimalizi wiki mbili. Ndo maana madiwani wengi wanaingia kwenye mkopo wa benki, posho inakatwa mpaka muhula unaisha, na mtu anabaki anaishi kwa posho za vikao, na diwani anayeishi kwa posho za vikao ni rahisi sana kukubali kila kinacholetwa mezani ili kikao kiishe vizuri. Mimi nilikopa mara moja, nikanunua mashine mbili za kupulizia na kulipa vibarua, sikujutia. Aliyekopa akanunua gari alijuta.

Kazi yenyewe niliipenda, nisiseme uongo. Kamati ya Maendeleo ya Kata diwani ndo mwenyekiti, mtendaji wa kata katibu, wenyeviti wa vijiji wako pale, na ukiendesha kikao vizuri mambo yanasogea. Mwishoni mwa 2021 zilikuja zile fedha za UVIKO-19, madarasa, milioni 20 kwa darasa moja, yajengwe kwa kamati za wananchi wenyewe na yakamilike kabla ya shule kufunguliwa Januari. Milioni 20 haitoshi kama unanunua kila kitu, inatosha kama wananchi wanasomba mchanga, mawe na maji. Na wananchi Novemba wako wapi? Kwenye mikorosho! Ninakwenda kijijini kuhamasisha, wanaume wako shambani, kinamama wako kwenye kuanika. Tukakubaliana siku ya Jumapili asubuhi tu na kila kaya ilete ndoo kadhaa za maji kwa zamu, fundi asisimame. Madarasa yalisimama. Shamba langu mwaka ule likaokotwa kwa kuchelewa tena.

Na bajeti je? Mwaka wa fedha unaanza Julai lakini mapendekezo yanapitishwa Januari na Februari. Diwani mkulima anafika kwenye kikao cha bajeti ametoka kwenye minada, kachoka, kitabu kina kurasa mamia, amepewa juzi. Dawa yake nyepesi, usisome kitabu kizima. Soma vitu vitatu: mapato ya ndani yanatoka wapi, kata yako imetajwa ukurasa gani, na miradi viporo ya mwaka jana imewekewa shilingi ngapi. Kiporo kisichokuwa na fungu kitakuwa kiporo na mwakani, hata kama kila mtu kasimama kukipongeza. Mtu wa mipango na mweka hazina wafuate ofisini kabla ya kikao, ukiuliza kwa adabu wanakueleza, ukisubiri kuwaumbua mbele ya baraza hawatakueleza kamwe.

Hapo kwenye mapato ya ndani ndo nilikutana na kitu ambacho sikukitegemea. Halmashauri za huku zinaishi kwa korosho. Ushuru wa mazao ya biashara ni asilimia 3 tangu 2017, zamani ilikuwa mpaka 5, na kwenye hiyo ndo inapatikana sehemu kubwa ya mapato, na kwenye mapato ndo inakatwa ile asilimia 10 ya mikopo, nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Sasa mwaka mmoja niko mnadani, tumekaa chini ya miembe, bei imesomwa, ya juu na ya chini, haikuwa nzuri. Mwenyekiti wa mnada anauliza wakulima tuuze tusiuze? Zamani mimi ndo nilikuwa wa kwanza kupiga kelele hatuuzi. Siku hiyo kichwani najua halmashauri imekusanya chini ya nusu, zahanati yetu inasubiri bati, vikundi vya kinamama vinasubiri mikopo, wakikataa leo ushuru unasogea mbele wiki nzima, na pengine wiki ijayo bei itashuka zaidi. Nikakaa kimya. Mzee mmoja aliyekuwa ananiita mwanangu akageuka akaniangalia, akasema kwa sauti watu wote wasikie, mheshimiwa leo mbona husemi hatuuzi, au ushuru umekunyamazisha? Watu wakacheka. Na alikuwa sahihi. Pale nilikuwa na magunia yangu ghalani yanaumia kwa bei ileile, lakini hakuna aliyeyaona.

Hilo mkulima unayetaka siasa ulijue mapema. Watu wanakuchagua kwa sababu uko upande wao wa mzani, na siku unaapa unahamia upande wa pili bila kusogea hatua. Sijaona diwani aliyelikwepa. Nilichofanya baadaye kikasaidia kiasi ni kuanza kusema hesabu mapema, kabla ya msimu naitisha mikutano naeleza, korosho zikiuzwa kiasi hiki kwa bei hii ushuru unakuwa kiasi hiki, kata itapata hiki. Mnadani sisemi kitu, siungi mkono wala sipingi, nakaa na wakulima wala si meza kuu. Maswali ya tani na makato namwachia mwenyekiti wa AMCOS, mimi nilishaachia ujumbe wa bodi nilipoanza mbio na sikutaka watu waone nashika huku na huku.

Ile mikopo ya asilimia 10 nayo iliniletea yake. Aprili 2023 serikali ikasitisha utaratibu uliokuwepo ili upangwe upya, vikundi vilikuwa vimeshaandika maombi, nimesimama navyo, nimewaambia kinamama wawe na subira mwezi huu. Simu nilipigiwa mimi. Toka hapo neno mwezi huu nililifuta mdomoni, kijana yeyote atakayeingia aanze nalo kulifuta.

Juni 2025 baraza likavunjwa. Fomu sikuchukua tena. Sababu si kwamba nimechukia siasa. Julai ile nilikuwa nahitaji niwe shambani, mikorosho mingine imezeeka na nilishaanza kupanda miche ya kubebesha, mche mchanga ukiusahau mwaka mmoja majani yanaumeza. Pia bei zilishapanda, msimu wa 2024 mnada wa kwanza kwenye TMX, soko la bidhaa la mtandaoni, ulivuka 4,000 kwa kilo, mke wangu akanikumbusha hesabu ya 2020 bila kusema neno, alitoa tu lile daftari akaliweka mezani.

Kwa anayejiandaa na 2030, nakuambia ninachowaambia wanaopiga simu. Tafuta mtu wa shamba sasa hivi, ndugu au kibarua unayemwamini, fanya naye misimu miwili mitatu kabla, umwone anavyopulizia wakati wewe hupo, na mkubaliane malipo kwa maandishi. Salfa ya mwaka wa uchaguzi jiandae nayo mapema na hakikisha jina lako liko sawa kwenye daftari la wakulima, usije ukajikuta unafuatilia jina wakati wenzio wako kwa wajumbe. Tenga hela ya vibarua wa kuokota kwenye akaunti tofauti na ya kampeni, na isimamiwe na mwenzi wako na si wewe, maana wiki ya mwisho ya kampeni utaigusa, naapa utaigusa. Mwenzi wako muulize kwanza, kweli umuulize na si kumpa taarifa. Mkopo usichukue mwaka wa kwanza. Na ukiwa ndani, chagua kamati moja uijue vizuri, kamati ya fedha kila mtu anaikimbilia, mimi nilifaidika zaidi kwenye ile ya uchumi, ujenzi na mazingira kwa sababu ndo inakagua miradi.

Halafu kuna la mwisho dogo ambalo wengi wanalisahau. Tamko la mali na madeni la Sekretarieti ya Maadili ya Viongozi wa Umma unalijaza ukiingia, unalijaza kila mwaka kabla ya 31 Desemba, na ukitoka unajaza tena. Ukishavuliwa udiwani hakuna wa kukukumbusha, na Desemba wewe uko kwenye mizani ya korosho. Jaza mapema, andika mashamba yote hata lile la urithi, na kwenye sehemu ya madeni usiruke mkopo wa benki.